Bwana Ustawi Alipokuja Kwetu

Baba yangu alianza kututembelea rasmi miaka mitatu baada ya kustaafu. Ninaposema rasmi sitanii. Asubuhi hiyo alikunywa uji wake jikoni kama kawaida, akanyoa ndevu, akavaa suruali ya kitambaa na shati la mikono mirefu, akajitia begani ule mkoba wake wa turubai, akatoka kwa mlango wa nyuma. Nikadhani anakwenda shambani, ingawa shambani hakuna anayekwenda na shati lililopigwa pasi. Kumbe alizunguka uzio mzima, akaja kusimama mbele ya nyumba yake mwenyewe.

"Hodi wenyewe! Hodi!"

Mama alikuwa barazani anachagua mchele kwenye ungo. Mimi nilikuwa kwenye cherehani yangu. Tulitazamana.

"Umesahau nini, Baba watoto?" Mama akamuuliza.

"Hujambo, mama," akajibu, kwa heshima kubwa. "Natoka ofisi ya ustawi wa jamii, Garsen. Naweza kukaa kidogo tuzungumze?"

Hakukaa kwenye kiti chake. Alivuta kigoda, akakaa karibu na mlango kama wanavyokaa wageni, akatoa daftari lake jeusi na kalamu. Nilicheka. Baba hakuwa mtu wa utani, hajawahi kunitania hata siku moja, kwa hivyo ningepaswa kujua mapema kwamba hapakuwa na cha kuchekesha. Lakini nilicheka mpaka uzi ukakatika, na yeye akaningoja nimalize, kalamu mkononi, bila kukunja uso.

Kwa asiyemjua, niseme alikuwa nani. Maisha yake yote ya kazi alikuwa afisa wa ustawi wa jamii. Alikuwa akizunguka hii delta yote ya mto wetu, vijiji vya Chara hadi Minjila na kupita Minjila, kwa pikipiki ya ofisi wakati wa kiangazi na kwa mtumbwi wakati mto umefurika. Yatima asiye na wa kumlea, mke aliyefukuzwa na watoto wake, mzee aliyeachwa peke yake na wanawe, watoto wanaogombaniwa na pande mbili: hizo ndizo zilizokuwa siku zake. Wakulima wa mtoni walimwita Bwana Ustawi, wafugaji wa kule nyikani vilevile. Sisi hapa Ngao tuliitwa watoto wa Ustawi, mimi na kakangu, na tulijivuna kwa jina hilo kabla hatujajua gharama yake.

Nyumbani alikuja Jumamosi. Si kila Jumamosi. Maji yakijaa barabarani tulikaa mwezi mzima bila kumwona, na akija alikuja amechoka, na akichoka hasemi. Alitengeneza viatu vyetu vilivyokatika, akakagua paa, akalala. Karo ililipwa, hilo siwezi kumnyima. Lakini watu wakija nyumbani kumtafuta, na walikuja kila siku, Mama alitufundisha jibu moja: "Baba yuko kazini." Nilijua kulisema kabla sijajua kusoma.

Sasa alikuwa amestaafu, na mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Malindi baada ya ndoa yangu kufika mwisho wake. Siku niliyorudi na masanduku yangu, baba aliyatazama, akanitazama, akasema, "Chumba chako kipo." Basi. Mtu aliyewauliza wanawake wa delta nzima nani amewaumiza, mimi aliniambia chumba kipo. Mama alisema mganga hajigangi, lakini iliniuma.

Asubuhi ile ya kwanza, baada ya kucheka kwangu kwisha, aligeuza kigoda akanielekea.

"Wewe ni nani hapa nyumbani?"

"Mtoto wa pili."

Akaandika. "Umelala vipi jana?"

Nilitaka kumjibu kwa kejeli, maana mimi nina mdomo, hilo Ngao nzima inalijua. Lakini alikuwa ameinamisha kichwa upande kidogo, anangoja kwa kweli. Nikamwambia sikulala. "Ni mara ya kwanza?" Nikamwambia hapana. "Kuna mtu aliyekuumiza?" Hapo nikaanza kulia mbele ya Mama, mbele ya mchele, mwanamke mzima wa miaka arobaini. Baba hakunikimbilia wala hakunishika. Alingoja. Nilipotulia nilimweleza habari zote za Malindi tangu mwanzo, na yeye akaandika, akiniuliza pale asipoelewa.

Kisha akauliza swali lake la mwisho. "Na baba wa nyumba hii yuko wapi?"

"Yuko kazini," nikasema. Sikufikiri. Lilitoka lenyewe, kama zamani.

"Anarudi lini?"

"Jumamosi, maji yakiruhusu."

Akaandika hilo pia, akafunga mkoba, akatuaga, akatoka kwa mlango wa mbele. Baada ya muda aliingia kwa mlango wa nyuma, akavua shati, akauliza kama chakula kiko tayari.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila asubuhi, saa tatu. Daktari wa hospitalini alituambia ni uzee, ubongo unachoka, tuwe na subira naye. Subira tulikuwa nayo. Kilichotutatiza ni chai.

Mgeni akikaa kwako lazima umpe kitu, na Mama si mtu wa kumwacha mgeni mkavu, hata kama mgeni ni mumewe. Akamletea chai. Baba alipokea kikombe kwa mikono miwili, akagusisha mdomo, akakiweka sakafuni kando ya kigoda. Hakukigusa tena. Alipoondoka kilikuwa kimejaa vilevile, na nzi mmoja ndani. Kesho yake vivyo hivyo. Na kesho kutwa yake.

Wanawake watajua ninachosema. Mume asiyekunywa chai ya mkewe, tena mbele ya watu, anasema jambo. Anasema ametiliwa kitu ndani ya kikombe, sumu au dawa. Mama aliongeza sukari, akapunguza. Akabadilisha maziwa. Akanunua majani ya dukani badala ya yale aliyozoea. Uji wa alfajiri anamaliza, wali wa mchana anamaliza, ila hiyo chai ya saa tatu anaigusa tu na mdomo kama kuku anayeonja maji. Majirani wawili waliona, na majirani wawili Ngao wanatosha. Mama, mzee wa kanisa, mwimbaji wa sauti ya kwanza, ikawa anatazamwa mikono. Mwishowe aliwaita akina mama wenzake wa kanisa wakaja kuiombea sufuria. Waliizunguka pale jikoni wakakemea kila kinachokemewa. Mimi nilisimama mlangoni sijui nicheke au nilie, na ile sufuria ilikuwa ya pilau, ya chai ilikuwa nje imekaukia juani.

Aliyetutoa gizani alikuwa mzee mmoja wa Kiorma, mfugaji kutoka upande wa Minjila. Alifika kwa bodaboda, kibuyu cha maziwa mapajani, amekasirika. Goti lilikuwa linamuuma, ile miti ya miiba, mathenge, imewafungia njia ya ng'ombe, na rafiki yake Bwana Ustawi hajamtembelea tangu astaafu. Aliyasema yote hayo kabla hajashuka vizuri. Bahati ikawa ilikuwa saa tatu. Akakaa barazani akamkuta baba kwenye kigoda, kalamu mkononi, ananiuliza nimelala vipi, na kikombe kimejaa sakafuni.

Yule mzee alitazama kikombe, akatazama Mama, ambaye uso ulikuwa umemvimba kwa aibu.

"Mama, usisikie vibaya," akasema. "Hiyo si dharau. Hiyo ni kazi."

"Kazi gani ya kukataa chai?"

"Hajakata. Kwetu mgeni akikata maziwa, ametusi boma yote. Sasa yeye mwaka ya kwanza alinikatia, mimi nikashika fimbo. Akaniambia, rafiki, nikikunywa maziwa yako saa hii, nitauliza aje kama watoto yako wamekunywa? Nikaona huyu mtu iko na akili. Basi tukapatana. Atashika kibuyu, atagusa na mdomo, ataweka chini. Hapo amepokea. Atauliza maneno yake yote, hata mbaya. Kitabu ikifungwa, kazi imeisha, anakunywa mpaka chini. Tangu siku hiyo anafanya hivyo kila boma."

"Miaka hiyo yote?" nikauliza.

"Miaka yote. Nyinyi hamjui? Si ni baba yenu?"

Hatukujua. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kweli, zaidi ya alivyochanganyikiwa baba. Huyu mzee wa ng'ombe, aliyemwona mara chache kwa mwaka, alikuwa anamsoma baba yangu kama barua, na mimi aliyenizaa nilikuwa nimesaidia kununua majani mapya ya chai. Nilimwonea wivu. Nilimpa heshima zake zote, nikampikia, nikamwonea wivu.

Nilidhani Mama angefurahi kwamba jina lake limesafishwa. Aliumia zaidi. Aibu ya sumu ilikuwa imekwisha, akasema, sasa imekuja ya pili. "Kwa hivyo daftari halifungwi hapa. Kwingine kote analifunga anakunywa, hapa kazi haiishi. Mimi nimeolewa kanisani, leo nimekuwa kesi." Tangu siku hiyo akija saa tatu Mama alimletea chai kwa sababu ya desturi tu, akaiweka, akaenda kukaa jikoni. Maswali alikataa kuyajibu. Mimi ni mke wake, alisema, si mteja wake.

Kwa hiyo nilijibu mimi. Na sasa niseme jambo ambalo sikumwambia mtu: nilikuwa ninaipenda ile saa tatu. Nilioga mapema. Nilimaliza mishono ya watu ili nisiwe na kelele za cherehani akifika. Nilipewa baba kwa dakika arobaini kila siku, baba anayeuliza na anayengoja jibu, na nililipia kwa kukubali kwamba hanijui. Mchana alikuwa mtu yule yule wa zamani, anakula, anakagua paa, kimya. Yupi alikuwa mgonjwa? Nilijiuliza mpaka nikachoka, na bado sijapata jibu.

Shida ilikuwa kwamba kesi yetu haikumtosha. Akishatuaga, siku nyingine hakurudi kwa mlango wa nyuma. Alikwenda kuzihudumia nyumba nyingine. Mara ya kwanza aliletwa na mwalimu aliyemkuta kwenye barabara ya Garsen, jua la utosi, anasema amechelewa mkutano. Mara ya pili alikuwa ameshuka mtoni pale ukingo unapomeguka, anamwita mtu wa mtumbwi amvushe, anatakiwa Chara. Maji yalikuwa yamefika magotini. Mamba wa pale tunawajua kwa ukubwa.

Kakangu alipiga simu kutoka Mombasa jioni hiyo hiyo. "Nakuja kumchukua," akasema. Ana nyumba yenye ukuta na geti, na binti wa kazi. Alikuwa na haki, hilo ndilo lililoniudhi. Nilipinga, lakini nilipinga vibaya; nilitaja joto la Mombasa, nikataja kanisa, nikataja hata samaki, eti kule hatapata kambare wa kweli. Sababu yangu halisi sikuweza kuitoa mdomoni. Nitamwambiaje kaka kwamba nataka baba abaki karibu na mamba kwa sababu ananiuliza nimelala vipi? Nilijiona mchoyo. Halafu nikajiuliza, na Mombasa atapiga hodi wapi? Nyumba ile ina mlango mmoja na geti linafungwa kwa kufuli. Nilipindua pindua, sikujua ninamtetea baba au ninajitetea mimi. Nikamuuliza Mama anaonaje. Mama akasema amechoka.

Kaka akaja Ijumaa. Safari ilikuwa Jumamosi. Begi la baba lilifungwa likawekwa mlangoni, na baba alilipita mara mbili bila kuuliza ni la nani. Saa tatu ikafika.

"Hodi wenyewe! Hodi!"

Kaka alikuwa hajaiona hii kwa macho. Alisimama. "Baba, gari linatungoja Garsen. Leo hatuchezi."

Baba alikaa kwenye kigoda, akafungua daftari, akamtazama kwa upole. "Kijana huyu ana hasira," akaniambia mimi. "Zimeanza lini?"

"Baba!"

"Usiogope. Keti. Umekula?"

Kaka alikaa. Sijui kilichomkalisha. Ni mtu mwenye wafanyakazi chini yake, mwenye sauti. "Nimekula," akasema, kwa sauti ya mtoto wa darasa la nne.

Ndipo Mama alipotoka jikoni na chai. Alimpa, baba akagusisha mdomo, akaweka chini. Lakini Mama hakurudi jikoni. Alivuta mkeka, akakaa mbele yake, akafunga leso vizuri kiunoni.

"Bwana Ustawi," akasema. Hakuwahi kumwita hivyo maishani mwake. "Nina shida."

"Sema, mama."

"Hapa nyumbani kuna mzee. Akili zimeanza kumpotea. Anazurura, juzi nusura achukuliwe na mamba. Watoto wanataka kumhamisha."

Kalamu ilianza kwenda. "Anapiga mtu?"

"Hapigi."

"Anakula?"

"Anakula. Chai yangu ndiyo hanywi."

Akaandika na hilo. "Nani anamwangalia?"

"Mimi. Na huyu binti."

"Mmechoka?"

Mama alinyoosha ncha ya mkeka. Nilijua asingesema uongo. "Tumechoka," akasema. "Lakini sijasema nimeshindwa."

"Na mzee mwenyewe anasemaje?"

Kaka aliangalia begi. Mimi niliangalia sakafu. Ilikuwa kweli, katika simu zote zile, katika kubishana kote, hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Hamjamuuliza," baba akasema, na kwa mara ya kwanza nilisikia sauti ambayo lazima wanaume wengi wa delta waliisikia na kuiogopa. "Ng'ombe ndiye anayehamishwa bila kuulizwa. Mtu anaulizwa kwanza."

Mama akamtazama moja kwa moja. "Basi ninamuuliza. Unataka kwenda Mombasa?"

Baba alikaa vile, kalamu hewani. Nilimwona akimtazama Mama usoni, kwenye nywele, kwenye leso, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe. Nilitaka aseme jina lake. Niliomba Mungu aseme jina lake. Baba alifunga daftari, akainama, akaokota kikombe, akanywa. Akanywa mpaka chini.

"Imepoa," akasema, akamrudishia.

Mama alicheka na machozi yanamtoka, akaingia jikoni kuchemsha nyingine. Kaka alilibeba begi mwenyewe akalirudisha chumbani. Kabla hajaondoka alilipa mafundi wakatuwekea uzio wa miti upande wa mtoni, na lango moja ambalo nililifunga mimi kila asubuhi, baba akishazunguka na kuingia. Hakwenda Mombasa. Aliishi mwaka na miezi kadhaa, akatutokea kila siku saa tatu, mpaka asubuhi moja ya masika saa tatu ikapita.

Mazishini walikuja watu nisioweza kuwahesabu, wa mtoni na wa nyikani, na kila aliyesimama alisema marehemu alikuwa mtu wa familia. Familia ipi, nilitaka kuuliza. Lakini nilikuwa na ile Jumamosi moyoni, ile chai iliyopoa, nikajiambia kwamba mwishoni alitujua. Alifunga daftari. Alikunywa. Yule mzee wa Kiorma alikuwa ametueleza maana yake, na mimi niliishika maana hiyo kama mtu anayeshika kamba.

Baada ya matanga nilifungua mkoba wa turubai. Madaftari ya ofisini alikuwa ameyarudisha alipostaafu, lililobaki ni letu tu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri mpaka mwisho. Nyumba safi. Mama wa nyumba hataki kuzungumza, apewe muda. Mtoto wa pili hakulala. Mtoto wa pili amelala kidogo. Mtoto wa pili amelala vizuri, leo amecheka. Nilisoma kurasa hizo nimekaa chini jikoni, na nilikuwa na furaha, siwezi kuificha.

Kisha nikaitafuta ile Jumamosi. Ipo. Ameandika kwamba kijana mwenye hasira amekula. Ameandika kwamba mzee aulizwe kabla ya kuhamishwa, na kwa maoni yake aachwe alipo. Chai nzuri, ameongeza baadaye. Na chini kabisa, kwa mwandiko ule ule, maneno niliyoyakuta baadaye kwenye kila ukurasa, kabla ya siku hiyo na baada yake:

Baba wa nyumba sikumkuta. Watoto wanasema yuko kazini. Nadhani wanamtetea. Nitarudi kesho.